Bunduki ya kupima vyuma ya laki tisa: jibu kwa dada wa Kibuye

Swali lenyewe lilikuja hivi: "Mwalimu habari. Niko na yadi ndogo ya skrapu hapa Kisumu karibu na Kibuye. Tunanunua alumini kwa vijana wa mkokoteni, pistoni, bloku za injini, kabureta, vitasa, sufuria zimechoka, tunayeyusha wenyewe tunamwaga ingoti halafu tunapeleka Nairobi. Safari ya mwisho nilipeleka kilo 620, buyer akapiga ingoti moja na ile bunduki yao akanipa karatasi: alumini 84.1, silikoni 7.9, kopa 2.4, zinki 3.1, chuma 1.6. Akasema chuma na zinki zimezidi, akakata shilingi 35 kwa kila kilo. Sasa kuna jamaa ananiuzia bunduki kama hiyo ya mitumba kwa laki tisa. Ninunue? Na huyu buyer ananidanganya ama?"

Dadangu, kwanza shukrani kwa kuandika namba zote, wengi huniuliza tu "mwalimu, mali yangu ni mbaya?" na hata hawasemi ni mali gani, sasa mtu kama huyo nitamjibu nini. Usije ukalipa deposit kabla hujamaliza kusoma kwa hivyo nianze na hilo: bunduki ya laki tisa wachana nayo, na sababu nitakupa huko chini. Kuhusu buyer, hapana, sidhani amekudanganya kwa namba, zile namba zinafanana kabisa na mtu anayeyeyusha kabureta na pistoni pamoja kwenye chungu cha chuma. Lakini vile alivyopima, kupiga ingoti moja mara moja kwa mzigo wa kilo 620, hapo alikuonea, na ulikuwa na haki ya kukataa.

Hebu tuangalie hiyo karatasi kwanza. Alumini 84 usiione kama ni ndogo, alumini ya kumwaga huwa hivyo, silikoni inawekwa makusudi ndo iteleze vizuri ndani ya moldi na isipasuke ikipoa. Kuna aina moja inaitwa A380, ndo maarufu sana duniani kwa vitu vya kumwagwa, na vipimo vyake ni silikoni kati ya 7.5 na 9.5, kopa kati ya 3 na 4, chuma isizidi 1.3, zinki isizidi 3. Sasa weka karatasi yako kando ya hiyo. Silikoni uko ndani sawa sawa. Kopa iko chini kidogo, hiyo anaongeza na haina kelele. Zinki umepita kwa nywele. Chuma 1.6 ndo imekuangusha, hiyo ndo kesi yote.

Na mbona wanaogopa chuma hivyo, si ni chuma tu? Shida ni kwamba alumini ikipoa haiwezi kukaa na chuma ndani yake, inaitapika, na ile chuma inajiunga na silikoni na alumini inatengeneza sindano nyembamba ndani ya mali, huzioni kwa macho lakini chini ya darubini zinaonekana kama miiba ya mgunga imetawanywa. Ukigonga kitu cha hivyo kinavunjika kwenye mwiba. Kopa, zinki, hizo zinayeyuka ndani zinatulia. Halafu kibaya zaidi, chuma ikishaingia kutoa ni kazi kubwa, huwezi kuichota juu kama takataka. Buyer njia yake ni moja tu, kuichanganya na alumini safi hadi ishuke. Piga hesabu na mimi: ingoti zako kilo 100 zenye chuma 1.6, anataka 1.3, na ana alumini safi ya waya, tuseme yenye chuma 0.2. Atahitaji kilo 27 hivi za hiyo waya kwa kila kilo 100 zako. Na akishaweka hizo 27, silikoni yako ya 7.9 imeshuka hadi 6.2, so lazima anunue silikoni nyingine aongeze. Hiyo shilingi 35 iko hapo, ni gharama yake anakurudishia wewe. Kama 35 ni sawa au ni 20, hiyo mtajadiliana, mimi si mtu wa bei, lakini kwa kilo 620 ni elfu ishirini na moja mia saba umeacha pale getini, na pesa kama hiyo ni ya kufuatilia.

Sasa chuma ilitoka wapi? Nikuulize kitu. Mnayeyushia kwa nini? Kama niko sawa ni mtungi wa gesi umekatwa nusu, ama ile rimu nzito ya lori imechomelewa chini. Nimetembea yadi za Nakuru, Kisumu, Eldoret, Bungoma na karibu kila mahali ni hiyo. Na hapo ndo wengi hawaamini nikiwaambia: alumini ikiwa imeyeyuka inakula chuma. Chuma yenyewe inayeyuka kwa nyuzi 1538 na alumini kwa 660, kwa hivyo mtu anasema chungu hakiwezi kuyeyuka, kweli hakiyeyuki, lakini kinalika pole pole kama sukari kwa chai baridi, na vile moto unazidi ndo kinalika haraka. Angalia ukingo wa ndani wa huo mtungi wenu pale alumini hufika, utaona umekuwa mwembamba, una mashimo. Ile chuma haiko tena pale kwa sababu uliiuza Nairobi kwa jina la alumini, na ukakatwa.

Chanzo cha pili ni bolti, skrubu, zile slivu za chuma ndani ya bloku, pini ya pistoni, ringi. Kijana anatupa bloku nzima ndani ya moto akisema chuma itabaki chini tutaitoa na koleo, sawa itabaki lakini kwa ile nusu saa inaogelea humo imeshaachia kitu. Afadhali mpige nyundo mtoe kwanza, ama mfanye vile mafundi wa zamani walikuwa wanafanya, bati nzito imeinama, bloku iko juu, moto wa wastani, alumini inachuruzika yenyewe inashuka kwa chombo na chuma inabaki pale juu kavu. Hiyo inaokoa hata kuni.

Zinki nayo ni kabureta na vitasa. Hapa nikae kidogo maana hii ndo inawapiga watu wengi na dawa yake ni ya ndoo moja ya maji.

Kabureta za zamani nyingi, vitasa vya mlango, mifereji mingi ya bei rahisi iliyopakwa kromi, vigari vya watoto, hizo si alumini. Ni zinki na alumini kidogo kama asilimia 4, inaitwa zamaki. Kwa rangi zinafanana na alumini kabisa, sumaku haishiki hii wala hiyo, kijana wa mkokoteni akikuapia ni alumini hadanganyi, hajui tu. Lakini mkononi ni nzito. Juzi mtu aliniletea kipande cha kitasa Nakuru akitaka tubishane, nikamwambia hatubishani tunapima. Tukatoa mizani ile ya jikoni ya dijitali, kitasa gramu 335. Halafu tukaweka jagi la maji juu ya mizani, tukarudisha mizani kwa sifuri, tukafunga kitasa na uzi, nikakishusha ndani ya maji kiingie chote lakini kisiguse chini wala ubavuni, mimi ndo nimeshika uzi. Mizani ikasoma 50. Hiyo 50 ni uzito wa maji yaliyosukumwa, ndo ujazo wa kitasa. 335 gawanya kwa 50 ni 6.7. Alumini safi ni 2.7, za kumwaga zenye silikoni na kopa ni kati ya 2.6 na 2.8 hivi, haiwezi kufika 6 hata ukiiombea. Zamaki ni 6.6 hadi 6.7. Akanyamaza. Kopa ingekuwa karibu 9, brasi karibu 8.5, chuma 7.8, risasi 11.3, na magnesi ni 1.7, nyepesi mpaka unashtuka. Jagi, uzi na mizani. Angalia tu kitu kisiwe na uwazi ndani unaoficha hewa, kitakudanganya kionekane chepesi, na mafuta utoe kwanza kwa sabuni.

Hutapima kila kipande hivyo, hapana, utachoka. Unapima vichache mpaka mkono wa kijana wako ujifunze, baada ya wiki moja anashika kitasa anakitupa upande wa zinki bila hata kufikiria. Na hiyo zinki usitupe, ina wanunuzi wake kivyake.

Kuna kipimo kingine cha bei ya sabuni. Kostik soda, ile ile ya kutengenezea sabuni ya kipande. Kijiko kimoja kikubwa ndani ya kikombe cha maji, soda ndo inaingia kwa maji, usimwage maji juu ya soda itakurukia usoni, vaa glavu na miwani, na fanyia nje kwa sababu inatoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Kwaruza kipande kwa tupa, ile ya kunolea, mpaka ming'ao itoke, dondosha tone, ngoja dakika tano, suuza. Waya ya alumini, fremu ya dirisha, sufuria ya kukandwa kiwandani, pale panabaki peupe. Pistoni, bloku, gia-boksi, yaani zile zenye silikoni na kopa, pale panakuwa kijivu cheusi kama masizi, kwa sababu soda imekula alumini ikaacha zingine. Ukiwa na mirundo miwili tu, myeupe na myeusi, ushapanda daraja, maana ile nyeupe ukiiuza kivyake ndo inalipa vizuri, ukiichanganya na pistoni umeitupa. Fremu za dirisha zina silikoni chini ya asilimia 1, pistoni zina 11 hadi 13, hizi ni mali mbili tofauti kama mahindi na wimbi, kuzitia gunia moja ni kuharibu zote.

Magnesi nayo tone la siniga inachemka mara moja, alumini haichemki. Ukiipata weka mbali kabisa na moto, ikiwaka usimwage maji, tumia mchanga mkavu.

Haya, turudi kwa bunduki sasa.

Hiyo bunduki ni eksrei. Inafyatua eksrei kwa chuma, eksrei inatoa elektroni moja ya ndani kabisa ya atomu. Fikiria nganya ya kwenda Kondele, abiria wa siti ya mbele akishushwa, wa nyuma anaruka kukaa pale haraka, na akiruka anatoa sauti. Sauti ya abiria wa kopa si ya abiria wa zinki, kila elementi ina yake, na Mwingereza anaitwa Moseley ndo alizipima mwaka 1913 akaonyesha vile zinapanda kwa mpangilio kutoka elementi moja hadi nyingine. Bunduki inasikiza hizo sauti inahesabu, inakuambia kopa kiasi hiki nikeli kiasi hiki, sekunde chache tu. Kwa stenlesi, brasi, kopa, ni mashine tamu sana, sina ubaya nayo.

Lakini elementi nyepesi zina sauti ndogo. Magnesi, alumini yenyewe, silikoni, sauti yao ni ya kunong'ona, hewa tu iliyo kati ya bunduki na chuma inaimeza. Bunduki za kisasa zina sikio kali zinasikia. Bunduki za zamani, na hii ndo ile jamaa wako anauza mitumba, nyingi zina sikio la kizamani ambalo haliwezi kusikia silikoni na magnesi vizuri, nyingine haisikii kabisa. Sasa inakuambiaje alumini 84? Inahesabu zile nzito ilizosikia, inazitoa kwa 100, inayobaki inaita alumini. Yaani inakisia. Ukipiga fremu ya dirisha na ukipiga pistoni inaweza kukuambia ni ndugu wa tumbo moja, na kwa biashara yako hiyo ndo tofauti unayolipiwa. Laki tisa kwa mashine isiyoona kitu unachouza!

Halafu ile tyubu ya eksrei ndani huchoka, na kuibadilisha ni pesa nyingi. Muulize huyo jamaa mambo matatu uone atajibuje: ina kipande cha rejea chenye cheti cha kuikagulia? Inaonyesha silikoni na magnesi ukipiga rimu ya gari ndogo, ambayo nyingi zina silikoni karibu 7? Na leseni iko wapi? Maana mashine ya kutoa eksrei Kenya hii huwezi kuwa nayo tu kama grainda, kuna sheria ya nyuklia ya 2019 na mamlaka yake, KNRA, lazima wajue unayo na nani anaitumia. Si ati ni ya kutisha, ila usiipige ukishikilia kipande kwa kiganja kama nilivyoona kijana mmoja akifanya, nusura nimpige kofi.

Na kwa watu wa vyuma vyeusi wanaosoma hii, kaboni bunduki ya eksrei haioni, kabisa, na kaboni ndo inatofautisha nondo, springi na kasti, yaani chuma ya kumwaga. Huko tumieni cheche za grainda, giza likianza kuingia ndo zinaonekana vizuri. Chuma laini inatoa mistari mirefu ya rangi ya nyasi kavu, springi na tupa zinapasuka nyota nyingi, kasti ni fupi nyekundu inafia karibu na diski. Alumini na kopa hazitoi cheche. Stenlesi msiamini sumaku peke yake, vijiko vingi ni stenlesi na vinashika sumaku, na kuna sinki hazishiki lakini nikeli yake ni nusu ya zile nzuri. Huko kwa stenlesi ndo bunduki inajilipia, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.

Vile buyer alivyopima sasa. Hapa nitakuambia kitu kilichonipata mimi mwenyewe. Miaka hiyo nilikuwa maabara ya kiwanda kimoja cha kumwaga, sitakitaja, nikiwa kijana najiona najua mashine kuliko mtu yeyote. Tulikuwa na spektromita ya mezani, ile inapiga cheche ya umeme juu ya chuma ndani ya gesi ya agoni inasoma rangi za mwanga, hiyo inaona mpaka kaboni, ni mashine ya heshima. Siku moja nikachota sampuli juu juu ya tanuri bila kukoroga, ilikuwa karibu na lanchi, silikoni ikasoma chini. Nikaandika ongeza. Wakaongeza. Tukamwaga. Asubuhi vipande vinavunjika mkononi kama biskuti ya chai, foreman anavichukua kimoja kimoja anavivunja mbele yangu bila kusema neno, tani karibu mbili. Mashine haikukosea hata kidogo, ilinijibu sawa kabisa kuhusu kile kijiko nilichochota. Kijiko ndo hakikuwa tanuri.

Tangu siku hiyo mtu akinionyesha karatasi ya namba swali langu la kwanza si mashine gani, ni sampuli ilitoka wapi. Bunduki ya eksrei kwa alumini inaona ngozi ya juu tu, kwa silikoni ni sehemu ndogo sana ya unene wa unywele, kwa chuma na zinki ndani kidogo zaidi. Kama ingoti yako imelala kwa mchanga wa yadi, mchanga umejaa silikoni, itaisoma. Kama walisugua na diski ya grainda iliyokuwa inasugua chuma asubuhi, pale imeacha chuma, itaisoma. Ile 1.6 yako inaweza kuwa 1.3 kwa ndani. Inaweza pia kuwa 1.9! Maana moto ukipungua chuma inatengeneza pia chembe nzito, mkiacha chungu kitulie zinashuka chini, ingoti ya kwanza kumwagwa ukiegemeza chungu na ile ya mwisho iliyokwanguliwa chini si sawa hata kama ni za moto mmoja. Buyer alipiga gani? Hujui, hata yeye hajui.

Safari ijayo fanya hivi. Mkiwa tayari kumwaga, korogeni mpaka chini kwa fimbo ya chuma iliyopakwa chokaa na ikakauka, sukumeni povu la juu kando, chota kijiko kimoja mwanzo wa kumwaga, kimoja katikati, kimoja mwisho, mwagia kila kimoja juu ya bamba nene la chuma kavu kipoe haraka kiwe kama kisahani cha kikombe. Kikipoa haraka elementi hazipati nafasi ya kujitenga. Kavu nasema mara ya pili na ya tatu, kijiko, bamba, fimbo, na skrapu yenyewe, mvua za Aprili hapo Kisumu zinajaza maji kwa kila kopo na kila bloku, alumini ya moto ikikutana na tone la maji limefungiwa inalipuka, inarukia mtu usoni na haitoki kwa ngozi. Anikeni juani au karibu na moto kwanza.

Visahani hivyo vitatu kata kila kimoja nusu kwa msumeno, andika namba na tarehe, nusu moja inaenda na mzigo, nusu inabaki kwako kwa bahasha. Uso wa kupimia sugua na tupa mpya ambayo haijawahi kugusa chuma, iweke kando iwe ya alumini tu, ifunge hata na kitambaa chekundu vijana wasiiguse. Buyer akitoa bunduki mwambie apige visahani vyote vitatu, mara tatu kila kimoja, mahali tofauti, mchukue wastani. Akikataa, si adui, lakini ushamjua. Mkigombana, zile nusu zako unazipeleka mahali pengine. KIRDI, ile taasisi ya serikali ya utafiti wa viwanda, wako hapo hapo Kisumu, piga simu uulize ni kipimo gani wanafanya cha alumini siku hizo na ni pesa ngapi, na idara za kemia za vyuo vikuu vya huko upande wenu ulizia kama wanayeyusha sampuli kwa asidi na kusoma kwa mashine inayoitwa AAS. Hiyo ya asidi ni ya pole pole lakini kwa chuma, zinki na risasi ni ya kuaminika, na kipimo kimoja ni pesa kidogo sana ukilinganisha na laki tisa.

Nimetaja risasi na haikuwa kwa karatasi yako, mwambie buyer aichapishe siku ingine. Kama unauza ingoti hata kidogo kwa mafundi wa sufuria wa hapo mtaani, hiyo ndo namba ningetaka kuijua kabla ya chuma na zinki. Sufuria zinazosubiwa kutoka kwa skrapu zimepimwa Kameruni zikapatikana zinaachia risasi kwa chakula, halafu utafiti mwingine wa 2017 ukachukua sufuria za nchi kumi na Kenya ikiwemo. Risasi inaingia kwa vipande vya brasi vya mifereji, kwa solda ya redieta, kwa betri. Brasi ya mfereji huwa na asilimia 2 au 3 ya risasi ndo ikatike vizuri kwa leithi. Redieta ya alumini yenye mabomba ya kopa, toa kopa yote. Na betri zisikaribie hicho chungu, hata kifuniko chake.

Waya safi najua utajaribiwa uiongeze ndo chuma ishuke, ni wazo zuri kikemia, ila jua inatoka wapi. Unakumbuka Januari 2022 biashara yote ya skrapu ilifungwa nchi nzima baada ya minara ya stima kuangushwa, mpaka Mei ndo ikafunguliwa, wengi walikula akiba yote. Sheria ya vyuma chakavu ya 2015 inataka leseni na rekodi ya nani alikuuzia nini. Kijana akija usiku na waya nene ya alumini imesokotwa, hata ikiwa safi kuliko zote duniani, mwambie hapana. Na kitu kimoja kingine cha kukataa, boksi zito lililotengenezwa kwa risasi kutoka hospitali au kiwanda lenye ile alama ya mionzi, feni ya mabawa matatu. Brazil, mji wa Goiânia, 1987, watu wa skrapu walifungua moja wakaona unga unang'aa buluu usiku, wakagawiana na majirani. Watu wanne walikufa. Usifungue, weka watu mbali, ita KNRA au polisi.

Kwa hivyo hiyo laki tisa iko bado mfukoni, na kama ni yangu ningetoa kidogo tu ninunue chungu cha grafiti. Kama bado hujapata, huo mtungi wenu upakeni ndani chokaa na udongo laini uliokorogwa kama uji, tabaka mbili tatu, kaushia kwa moto mdogo kabla ya kila kazi, inapunguza kulika ingawa haimalizi. Moto usizidi, nyuzi 700 na kitu zinatosha kumwaga, mkiona alumini imekuwa nyekundu ang'avu mchana ujue mmepita. Ikishayeyuka mwageni, isikae humo mkingoja mtu alete chapati.

Mzigo ujao toa tu kabureta na vitasa, chungu usibadilishe, pima visahani vitatu. Zinki ikishuka na chuma ikabaki pale pale 1.6, basi ni mtungi. Mzigo wa pili badilisha chungu upime tena. Nitumie hizo karatasi mbili, na picha ya ukingo wa ndani wa mtungi, hiyo nataka kuiona sana.